Ile Video Yangu ya Kuwasha Injini ya Ndege Iko na Uongo Ndani

Wasee, wacha nianze na kuungama. Ile video yangu ya kuwasha injini ya ndege ndogo, ile ya sekunde 38 mliipenda kuliko zingine zote, iko na uongo ndani. Si ati nilidanganya kwa mdomo. Kwa hiyo video hata siongei. Nilidanganya kwa kukata.

Unachoona ni hivi: tangi limejaa, kidole changu kinapiga propela mara moja, mara mbili, halafu injini inalia nyiiii, moshi mweupe, mimi nacheka kama mtu ameshinda lotari. Imeisha. Watu mob wakasema kumbe hii kitu ni rahisi, hata mimi nanunua yangu.

Sasa sikia venye ilikuwa. Ile injini ilichukua dakika arobaini kuwaka. Kidole unachokiona kikipiga propela hakikuiwasha. Kilikatwa. Aliyeiwasha ni mzee mmoja fundi anayenifundisha hii kazi, kwa kijiti cha mbao, mimi nikiwa nimesimama kando nimefunga kidole na kitambaa. Jioni nikashonwa nyuzi nne. Halafu nikaenda nyumbani, nikachukua picha ya kidole changu, nikaiunganisha na sauti ya injini ya mzee, nikaposti.

Hilo ni kosa la kwanza, na kama lingekuwa hilo pekee singeandika haya yote. Kuna kitu kingine kwa hiyo video ambacho hata mimi sikukiona. Kando ya ndege, chini kwa nyasi, kuna chupa ya soda ya nusu lita. Ndani kuna kitu ya rangi ya waridi, inapendeza kama juisi. Hayo ndiyo mafuta ya injini. Methanoli.

Wiki moja baadaye kijana mmoja wa fomu tatu akanitumia picha ya kifaa chake. Injini iko mezani, imefungwa kwa mbao vizuri kabisa, na hapo kando, karibu na kikombe chake cha chai, chupa ya soda yenye mafuta ya waridi. Alikuwa ameiga kila kitu, hata chupa. Unajua nilimjibu nini? "Safi sana."

Siku chache baadaye tulikuwa kwa shosho, Jumapili, familia yote imejaa. Nilikuwa nimebeba ndege niwaonyeshe. Nikaweka chupa yangu kwa meza ya nje, nikaingia ndani kutafuta betri. Nikasikia shosho akipiga nduru. Kutoka nje nakuta binamu yangu wa miaka sita analia, chupa iko chini, na mafuta yamemwagika kwa miguu ya shosho. Mtoto alikuwa ameshafungua kifuniko na kuileta mdomoni. Shosho aliipiga ikaruka. Hakuwa anajua ni nini. Alisema tu harufu ilikuwa inamkumbusha kitu kibaya.

Tulimwosha mdomo na mikono, tukamkimbiza hospitali. Alikaa huko mpaka asubuhi wakimwangalia. Hakuwa amemeza, na leo yuko sawa. Lakini ule usiku mamake hakuniongelesha hata neno moja. Alikuwa ananiangalia tu.

Ndio maana nasema hivi, na naomba wenzangu wote wenye kamera mnisikie: zile sehemu tunazokata kwa sababu zinachosha watu, mara nyingi ndizo zinaweka mtu hai. Ukionyesha moshi na sauti bila kuonyesha kijiti, debe na kukosea, hujafundisha mtu kuwasha injini. Umemfundisha kujiumiza akiwa na imani.

Sasa leo nitawapa ile video yote, kwa maandishi. Wale wanataka burudani tupu, tuonane wiki ijayo.

Tuanze na mafuta yenyewe. Hii injini ndogo si kama ya bodaboda, na haitumii petroli. Inakunywa mchanganyiko wa vitu vitatu. Kikubwa ni methanoli, ambayo ni pombe ya viwandani. Kisha kuna oili, kawaida karibu asilimia 18 hadi 20. Halafu kuna nitromethani, labda asilimia 5, 10 au 15 kwa ndege za kawaida. Oili inachanganywa humo kwa sababu injini ni ya mipigo miwili, kama pawasoo, haina mahali pake pa kuweka oili. Inapita na mafuta, inalainisha chuma, halafu inatoka na moshi. Ndio maana ndege ikishuka bawa limejaa utelezi. Sehemu ya hiyo oili huwa ni ya mbarika, ndiyo hiyo kastori oili mnapaka nywele. Lakini tafadhali usitoe ya nywele kwa kabati ya dadako. Ya injini imesafishwa kwa njia yake, na vipimo vikikosewa kidogo tu injini inakwama milele.

Mbona methanoli? Hapa ndipo nilipoipenda hii kitu. Injini haina cheche. Iko na plagi ndogo yenye waya mwembamba wa platinamu uliozungushwa kama springi, mafundi wengi wangeiita hita plagi. Unaipasha moto na betri mpaka inawaka rangi ya machungwa. Injini ikishawaka, unatoa betri kabisa. Na injini inaendelea! Kwa sababu platinamu ikikutana na mvuke wa methanoli zinatengeneza joto zenyewe, na ule moto wa mlipuko uliopita unabaki kwa waya kungoja unaofuata. Petroli haiwezi kufanya hivyo na ule waya. Mwamerika mmoja, Ray Arden, ndiye aliileta plagi hii sokoni mwaka 1947. Kabla ya hapo ndege ndogo nyingi zilibeba koili na betri ya cheche, na huo ni uzito mkubwa kwa kitu inataka kupaa.

Sasa dakika zangu arobaini zilienda wapi? Plagi hiyo inataka volti moja na nusu hivi, lakini inavuta umeme mwingi, karibu ampea tatu. Mimi nilikuwa na betri ya tochi iliyochoka. Waya ukawaka wekundu wa kufifia, kama sigara inayozima. Mtu mwenye akili angetoa plagi aiangalie. Mimi nikadhani shida ni mafuta. Nikaongeza matone. Nikapiga. Kimya. Nikaongeza tena. Mwishowe propela ikagoma kuzunguka. Mafuta yalikuwa yamejaa kwa silinda, na kitu majimaji haibanwi kama hewa. Ukilazimisha hapo unaweza kupinda chuma cha ndani. Unatakiwa kutoa plagi, ugeuze injini, uzungushe mafuta yatoke, na uso wako uwe mbali.

Nilifanya hivyo? Hapana. Nilikasirika, nikaenda kuazima betri ya bodaboda. Hiyo ni volti 12. Ile plagi iliwaka kama radi ndogo halafu ikafa. Sekunde moja, na pesa ya chakula cha siku mbili imeenda.

Nikaweka plagi ya pili, mafuta bado yamejaa, nikapiga na kidole. Injini ikajibu kwa kurudi nyuma. Hapo ndipo nilikatwa.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Propela yangu ina urefu wa inchi 10. Injini ikifika mizunguko 10,000 kwa dakika, na hiyo inafika, ncha ya propela inatembea karibu kilomita 480 kwa saa. Hakuna matatu ya Rongai imewahi kufika hapo, hata usiku. Mimi nilikatwa wakati haijawaka vizuri. Ingekuwa imeshika, leo ningekuwa naandika na vidole tisa.

Mzee alipofika hakunigombeza. Aliangalia kidole, akaangalia injini, akauliza, "Kijana, umeiangalia plagi?" Nikasema, "Hapana, mzee wangu." Akasema, "Basi umekuwa ukipigana na kitu hujaiangalia." Kisha akafanya polepole hivi, na mimi naomba mfuate hivi.

Kwanza ndege ifungwe au ishikwe na mtu. Haijalishi ni ndogo, itataka kukimbia. Watu wote wakae nyuma ya propela, hakuna mtu kusimama mbele wala ubavuni pake. Shati la mikono mirefu likunjwe, mkufu utolewe, mchanga na vitambaa viondolewe karibu. Toa plagi, iunganishe na betri, uone inawaka rangi ya machungwa. Ikiwa sawa, irudishe ikiwa imepoa na betri haijaunganishwa.

Jaza tangi. Fungua sindano ya mafuta mizunguko ambayo kitabu cha injini kinasema, mara nyingi ni kati ya miwili na mitatu. Ziba mdomo wa kabureta, zungusha propela kwa mkono mara chache mpaka uone mafuta yanatembea kwa mpira yanafika. Betri ya plagi bado haijaguswa. Huwezi kushika propela na mkono plagi ikiwa moto, kamwe. Sasa rudisha kabureta iwe karibu kufungwa, ndio ikiwaka isivume. Unganisha betri. Chukua kijiti cha mbao kilichovikwa mpira, piga propela kwa nguvu, halafu toa mkono. Kijiti, si kidole. Kuna wengine hutumia stata ya umeme, hiyo pia ni sawa.

Ikiwaka, zunguka uende nyuma ya propela kabla ya kutoa betri ya plagi. Hapo watu wengi huumia, kwa sababu wanafurahi na wanapitisha mkono mbele. Kisha fungua moto wote, funga sindano kidogo kidogo mpaka sauti ipande juu kabisa, halafu ifungue tena kiasi injini ishuke kidogo. Inua pua ya ndege ielekee juu kwa sekunde kadhaa. Ikizimazima, mafuta ni kidogo, ongeza. Injini ikikosa mafuta inakosa pia oili, na inajichoma yenyewe.

Mzee alimaliza hayo yote kwa dakika tano. Ikawaka kwa pigo la tatu. Hiyo ndiyo sauti mlisikia kwa video.

Kuna kitu hakiko kwa vitabu vingi, kwa sababu vimeandikwa na watu wanaokaa karibu na bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu. Hewa yetu ni nyembamba, tunakosa kati ya asilimia 15 na 20 ya ile ya pwani. Injini ikipata hewa kidogo na mafuta yaleyale, inazidiwa, inatoa moshi mob na haina nguvu. Kwa hivyo hapa tunafunga sindano zaidi kuliko kitabu. Ndio pia maana wengine wetu hupenda nitro zaidi kidogo, kwa sababu nitromethani inakuja na oksijeni yake ndani.

Nilisahau hiyo nilipoenda Mombasa. Nikawasha na sindano ilivyowekwa Nairobi. Ikalia vizuri, nikainua pua, ikakata. Tena na tena. Jamaa mmoja anayetengeneza injini za maboti alikuwa anapita, akasimama, akasikiliza, akaniambia, "Kaka, injini yako yaona kiu." Nikafungua sindano robo mzunguko, ikatulia. Yeye hajawahi kushika ndege ndogo maishani mwake. Alisikiliza tu. Hiyo nayo nilikuwa nimeirekodi, na hiyo nayo niliikata, kwa sababu sikutaka muone nikisahihishwa na mpita njia.

Sasa turudi kwa ile chupa.

Methanoli si kitu geni kwa Wakenya. Novemba mwaka 2000, hapa Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa kwa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Mei 2014 ikarudi tena, kaunti kadhaa kwa siku chache, makumi ya watu wakazikwa. Shosho aliposema harufu inamkumbusha kitu kibaya, alikuwa anakumbuka majirani. Sisi tunaojiona wajanja ndio tunaibeba kwa chupa ya soda.

Mwili ukipata methanoli unaigeuza kuwa sumu nyingine, asidi ya fomiki, na hiyo inashambulia mshipa wa macho. Mililita 10 za methanoli tupu, yaani vijiko viwili vya chai, zinaweza kumpofusha mtu mzima. Sasa fikiria mtoto. Na ubaya wake, haionyeshi haraka. Mtu anaweza kukaa masaa mengi akiwa poa, anacheka na nyinyi, ndani kazi inaendelea. Kwa hivyo usingoje dalili. Usimlazimishe kutapika, usimpe dawa za mtaani. Peleka hospitali saa hiyohiyo, na ubebe debe la mafuta au picha ya lebo yake, daktari ajue ni nini. Dawa iko, lakini inafanya kazi vizuri ikiwahi.

Inapita pia kwa ngozi, kwa hivyo ukimwagikiwa nawa. Mvuke wake usiuvute, jaza tangi nje, si kwa chumba chako. Na moto wake mchana hauonekani vizuri. Unaweza kuwa unaungua na watu wanashangaa unacheza densi gani. Mchanga au kizima moto kikae karibu kila wakati.

Mafuta yakae kwa debe lake la asili, lebo yake iko, kifuniko kimefungwa kabisa, mahali mtoto hafiki. Kufunga kabisa pia kunasaidia injini, maana methanoli inavuta maji kutoka kwa hewa. Ndio maana ukimaliza kurusha unamaliza mafuta yote kwa injini, unaiacha izime yenyewe, unatia matone ya oili ya kuhifadhi na kuzungusha. Ukiiacha na mafuta ndani, beringi zinashika kutu kimyakimya. Na usimwambie mjomba aje nayo kwa sanduku akitoka majuu. Ndege za abiria haziruhusu, kwa sababu ileile nimekueleza.

Najua mtaniambia nini. Kwanza, mbona usitumie umeme tu? Ni swali zuri, na jibu langu ni kwamba kama unaanza, tumia umeme. Ni kimya, ni safi, hakuna sumu, na kurusha ndio kugumu kuliko kuwasha. Propela bado inakata lakini, hiyo usisahau. Na kabla ya kurusha chochote, ulizia KCAA, kwa sababu tangu 2020 kuna kanuni za vyombo visivyo na rubani, na usijaribu ujinga karibu na Wilson. Mimi napenda hizi za mafuta kwa sababu zimenifundisha kusikiliza. Hiyo ni sababu yangu, si lazima iwe yako.

Pili, mtasema hakuna mtu ataangalia video ndefu. Hapo mko na haki kidogo. Mimi mwenyewe hulisha familia kidogo na hizi video, na najua sekunde 38 zinalipa kuliko dakika ishirini. Lakini si lazima kila kitu kiwe kirefu. Kijiti kinaonekana kwa sekunde moja. Debe lenye lebo linaonekana kwa sekunde moja. Kidole kilichofungwa kitambaa ni sekunde moja. Nilikuwa na hizo sekunde tatu. Nilizitoa kwa sababu zilinifanya nionekane sijui.

Nimeitoa hiyo video. Mpya iko na dakika 22, iko na plagi imekufa, iko na mzee akiniuliza lile swali, iko na Mombasa yote. Mamake binamu yangu aliiangalia mpaka mwisho, akaniambia sawa, lakini ndege isirudi kwa shosho. Nimekubali.

Na yule kijana wa fomu tatu nilimtafuta ule usiku wa hospitali. Nikamwandikia kila kitu, nikamwomba msamaha kwa ile "safi sana." Hakujibu. Siku mbili sikulala vizuri. Siku ya tatu akatuma picha: debe limefungwa, liko juu ya kabati, limeandikwa SUMU kwa kalamu nyekundu. Mezani kumebaki injini na kikombe cha chai.

Kama wewe pia uliniiga, inuka sasa hivi uende uangalie yako iko wapi.